Kukadiria nguvu ya mshiko kutokana na umeme wa misuli: kwa nini modeli nzuri kwenye kompyuta inaponda kikombe?

MtafitiMisuli ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba mawazo ya wale waliowahi kufanya kazi na mikono bandia inayoongozwa kwa umeme wa misuli. Ninaunda mfumo unaosoma ishara za misuli ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na kukadiria nguvu ambayo mtu anakusudia kubania kitu, ili mkono bandia ubane kwa kadiri ya kusudio hilo badala ya kufunga na kufungua tu.

Nimebandika jozi nne za elektrodi, yaani vipande vya kupokea umeme juu ya ngozi, kuzunguka kigasha, mbili juu ya misuli inayokunja vidole na mbili juu ya ile inayovinyoosha, na ishara inachukuliwa kwa sampuli 1000 kwa sekunde. Mshiriki, ambaye ana mikono yote miwili, anabana dinamomita, kifaa cha kupima nguvu ya mshiko, huku mkono wake umelala mezani, akifuata mstari unaopanda taratibu hadi karibu na nguvu yake ya juu, takribani nyutoni 300, kisha kushuka. Ninageuza thamani hasi kuwa chanya, ninaipitisha ishara kwenye kichujio kinachobakiza mabadiliko ya polepole, ninaikata kwa madirisha ya milisekunde 200 yanayopishana, halafu ninafundisha mtandao mdogo wa neva bandia, yaani modeli ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, kutabiri nguvu kwa nyutoni.

Kwenye kompyuta matokeo yanaridhisha sana: mgawo wa ubainifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyofuata uhalisia ambapo 1 ni ukamilifu, unakaribia 1, na mstari wa nguvu halisi na ule wa makadirio inakaribia kufunikana. Lakini ninapounganisha makadirio hayo na mkono bandia uliofungwa mezani mbele ya mshiriki, kikombe chembamba cha plastiki kinapondwa karibu kila mara, hata mshiriki anapojitahidi kutulia. Zaidi ya hapo, elektrodi zikivuliwa na kubandikwa tena siku inayofuata, makadirio yanahama, na mshiriki akiinua mkono wake kutoka mezani, mkono bandia unabana zaidi bila yeye kukusudia.

Je, tatizo liko kwenye uchakataji wa ishara, kwenye modeli, au kwenye mkono wenyewe? Je, mtandao mkubwa zaidi ungesaidia? Na kwa mtu aliyekatwa mkono, ambaye hana kiganja cha kubania dinamomita, hiyo nguvu ya kufundishia modeli inapatikana vipi?

Saketi_na_Neva amejibu:

Ndugu MtafitiMisuli, nitaanza na kutotulia kwa makadirio, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hulaumu modeli ilhali chanzo kimo ndani ya ishara yenyewe.

Umeme unaopimwa juu ya ngozi ni jumla ya mipigo ya vikundi vingi vya nyuzi za misuli, kila kikundi kikiamriwa na neva yake, na mipigo hiyo hufika kwenye elektrodi bila mpangilio wa wakati. Mingine hujumlishana na mingine hufutana. Mtu anapoongeza nguvu, vikundi vidogo huanza kazi kwanza na vikubwa hufuata, kanuni aliyoieleza Henneman katika miaka ya 1960, na wakati huohuo vile vilivyokwisha kuanza huongeza kasi ya mipigo yake. Kinachotokea ni ishara ya nasibu ambayo ukubwa wake ndio unaobeba habari. Kwa hiyo kazi unayoifanya hasa ni kukadiria mtawanyo wa kelele kutokana na sampuli chache, na kazi hiyo ina mpaka wa kitakwimu ambao mtandao wa neva hauwezi kuuvuka, uwe mkubwa kiasi gani.

Hebu tuupigie hesabu mpaka huo. Chukulia kwamba upana wa masafa wa ishara yako, kwa maana ya kitakwimu, ni hezi 150. Idadi ya sampuli zilizo huru ni mara mbili ya upana huo ukizidisha kwa muda wa dirisha, kwa hiyo milisekunde 200 zinakupa sampuli huru 60 tu, hata kama kompyuta imehifadhi 200, kwa sababu zilizo jirani hubeba habari ileile. Kwa sampuli 60, makadirio ya ukubwa wa ishara hutikisika kwa takribani asilimia 9 ya thamani yake, na hilo hutokea hata misuli ikikazwa kwa uthabiti kamili. Ukirefusha dirisha mara nne, hadi milisekunde 800, mtikisiko unapungua nusu tu, lakini ucheleweshaji unaongezeka mara nne. Dirisha la wastani la milisekunde 200 peke yake huchelewesha kwa takribani milisekunde 100, na mwaka 2007 Farrell na Weir walionyesha kwamba ucheleweshaji unaofaa kwa kidhibiti cha mkono bandia uko kati ya milisekunde 100 na 125. Kwa maneno mengine, umekwisha kutumia karibu muda wote ulioruhusiwa, na bado kichujio chako cha mwanzo kinaongeza ucheleweshaji wake juu ya huo.

Njia ya kutoka hapo ni kuongeza sampuli huru bila kuongeza muda. Jozi nyingi za elektrodi juu ya kundi moja la misuli husaidia moja kwa moja: zikiwa nne, na ishara zake zikiwa hazifanani sana, mtikisiko unashuka kwa nusu. Njia ya pili ni kuisawazisha ishara, kabla ya kuondoa alama hasi, ili masafa yake yote yawe na nguvu inayokaribiana. Sampuli jirani hapo huacha kufanana na idadi ya zilizo huru hupanda. Hogan na Mann waliweka misingi ya njia hizi mbili kwa pamoja mwaka 1980, na bado ninaona ajabu kwamba miradi mingi mipya inaruka hatua hiyo na kukimbilia mitandao mikubwa. Mwaka 2004 Potvin na Brown walikwenda mbali zaidi: walionyesha kwamba kuondoa sehemu kubwa mno ya nguvu ya ishara, ile ya masafa ya chini, huboresha makadirio ya nguvu ya msuli wa mbele wa mkono wa juu. Jambo hilo linashangaza mpaka ukumbuke kwamba masafa ya chini ndiyo yenye sampuli zinazofanana zaidi. Ukitaka kufuata njia hiyo, sampuli 1000 kwa sekunde hazitoshi, kwa kuwa ishara hufika karibu hezi 500 na kichujio cha kuzuia masafa kujikunja, yaani masafa ya juu kujitokeza kama ya chini kwa sababu ya sampuli chache, kinahitaji nafasi. Panda hadi 2000.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mikono bandia. Badala ya dirisha lenye urefu usiobadilika, unatumia kichujio kinachodhania kwamba kusudio la mtu hukaa lilivyo kwa muda mrefu na mara chache huruka ghafla. Sanger alichapisha kichujio cha aina hiyo, kwa misingi ya Bayes, yaani kusahihisha makisio ya uwezekano kila data mpya inapofika, mwaka 2007. Mtu anapotulia kichujio hutulia naye, na anapobana ghafla hakimcheleweshi. Dirisha la wastani haliwezi kutoa mambo hayo mawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu mambo madogo: kata chini ya hezi 20 ili kuondoa mtikisiko wa nyaya na ngozi, na usikimbilie kuchonga hezi 50 au 60, yaani mvumo wa umeme wa majumbani, kwa kichujio chembamba kabla ya kutafuta elektrodi iliyolegea, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya ishara iko kati ya hezi 50 na 150.

FundiViungo amejibu:

Naomba niongeze upande wa mtu anayeuvaa mkono, kwa kuwa swali lako la mwisho ndilo litakaloamua kama kazi hii itamfikia mtumiaji.

Mtu aliyekatwa mkono chini ya kiwiko bado anabaki na sehemu kubwa ya misuli iliyokuwa ikikunja vidole, kwa kuwa misuli hiyo imeshikwa karibu na kiwiko na hupeleka kano tu kwenye vidole. Hata hivyo, misuli hiyo sasa hukazwa bila upinzani wa kawaida, mara nyingi imepungua unene, na mahali ilipo hutegemea namna mpasuaji alivyoishona kwenye mfupa au juu ya misuli mingine. Kwa sababu hiyo modeli iliyofundishwa kwa mtu mwenye mikono kamili haihamishiki hivihivi, hata kama elektrodi zimewekwa kwa vipimo vilevile.

Nguvu ya kufundishia hupatikana kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, mtu anabana dinamomita kwa mkono mzima huku akikusudia kubana kwa kiasi kilekile kwa mkono usiokuwepo, na ishara huchukuliwa upande uliokatwa. Njia hii inamfaa anayehisi bado kiganja chake, na kwa kawaida wengi waliokatwa wakiwa watu wazima huhisi hivyo. Haimfai aliyepoteza mikono yote miwili, na mara nyingi haimfai aliyezaliwa bila mkono. Njia ya pili haina dinamomita kabisa: mtu anatazama mstari kwenye skrini na kukusudia kwa kiwango kinachoonyeshwa, kuanzia kupumzika hadi kiwango cha juu anachokiona cha starehe. Ninasisitiza starehe. Ukimtaka mtu huyo akaze kwa nguvu zake zote, misuli iliyobaki hukamata mkazo wa maumivu, na vipimo vyote vinavyofuata huwa vya mtu anayejihami.

Kuna jambo ambalo takwimu za kompyuta hazilionyeshi, nami hulitazama kwa makini kila ninapoketi na mtu kwa mara ya kwanza. Anapoambiwa abane kidogo, ishara hupanda hadi karibu nusu ya kipimo. Mabega yanainuka kidogo, meno yanabanwa, kisha anashusha pumzi na ishara inaanguka yote. Ukimwachia autazame mstari wake mwenyewe bila kumharakisha, baada ya muda mabega yanashuka na anaanza kuweza kukaa kwenye kiwango cha chini na kukishikilia. Modeli haijabadilika hata kidogo. Mtu ndiye aliyejifunza. Kwa hiyo mfumo wenye uhusiano rahisi na usiobadilika kati ya kukaza na kubana una faida kubwa kuliko mfumo wenye makadirio bora ambao tabia yake haitabiriki, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kitu kinachobadilika chini ya mikono yake.

Kuhusu kuinua mkono: kando ya kigasha kuna msuli unaosaidia kukunja kiwiko, na pale mkono unaponyanyuliwa dhidi ya uzito wake msuli huo unaanza kazi na umeme wake unavuja hadi kwenye elektrodi zako. Pia misuli huteleza chini ya ngozi kigasha kinapogeuzwa, hivyo elektrodi iliyokuwa juu ya msuli mmoja hujikuta juu ya jirani yake. Fougner na wenzake walilichunguza tatizo la mkao wa mkono mwaka 2011, kwa upande wa kutambua aina za mishiko, na dawa iliyosaidia ni kukusanya data za mafunzo katika mikao kadhaa: mkono ukining'inia, ukiwa mbele ya kifua, ukiwa juu. Ongeza juu yake kushika kitu chenye uzito, kwa sababu ndani ya soketi, yaani ganda la mkono bandia linalovaliwa juu ya sehemu ya mkono iliyobaki, uzito huo huvuta soketi na kuisukuma elektrodi upande mmoja, na hilo hutokea wakati uleule mtumiaji anapohitaji mshiko usiyumbe.

Kuhusu siku ya pili, soketi husaidia kwa kuwa elektrodi zimekaa ndani yake mahali pamoja, lakini inaweza kuvaliwa ikiwa imezunguka kidogo. Ninapendelea upimaji mfupi kila inapovaliwa: kupumzika, kiwango cha juu cha starehe, na kiwango kimoja cha kati. Usiufanye mara tu baada ya kuvaa ikiwa elektrodi ni za chuma kikavu, maana ngozi inahitaji muda wa kupata unyevu kidogo ndipo ishara itulie. Kumbuka vilevile kwamba misuli inapochoka, ukubwa wa ishara hupanda kwa nguvu ileile huku masafa yake yakishuka, hivyo mkono unaoamini ukubwa peke yake utabana zaidi kadiri mtu anavyochoka.

Takwimu_Safi amejibu:

Nina neno fupi kuhusu ule mgawo wa ubainifu. Umesema madirisha yanapishana. Ikiwa yaligawanywa kwa kuchanganywa ovyo kati ya data za mafunzo na za majaribio, basi kila dirisha la jaribio lina ndugu yake ndani ya mafunzo, na mgawo unaoupata unapima kumbukumbu ya modeli. Gawanya kwa mizunguko mizima ya kubana, na bora zaidi kwa vikao vizima: fundisha kwa kikao kimoja, jaribu kwa kingine baada ya elektrodi kuvuliwa na kubandikwa upya. Pili, ikiwa mstari unaofuatwa hupanda na kushuka kwa mwendo uleule kila mara, mtandao unaopewa historia ya ishara unaweza kujifunza umbo la mstari badala ya uhusiano wa misuli na nguvu. Badilisha mwendo, weka vituo vya kutulia, weka miruko ya ghafla.

Vilevile mgawo huo hutawaliwa na mabadiliko makubwa ya kutoka sifuri hadi nguvu ya juu. Toa kosa la sehemu ya chini peke yake, kwa nyutoni, na ninaamini utaona picha tofauti kabisa. Ukihitaji data za kujaribia mbinu kabla ya kumsumbua mtu, hazina ya Ninapro, mkusanyiko wa data za umeme wa misuli ya mkono, iko wazi kwa watafiti. Katika sehemu yake ya pili kuna watu 40 wenye mikono kamili, elektrodi 12 na sampuli 2000 kwa sekunde, na mojawapo ya mazoezi ni kubonyeza kwa vidole huku nguvu ikipimwa. Sehemu ya tatu ni ya watu 11 waliokatwa mikono.

MtafitiMisuli ameandika:

Ninawashukuru wote. Nimetoa kosa la sehemu ya chini kama ulivyoshauri, Ndugu Takwimu_Safi, na ni kweli kwamba chini ya nyutoni 20 makadirio na uhalisia havifuatani kwa namna ya kutegemewa. Sasa ninajiuliza jambo la msingi zaidi: je, kuna sababu ya kuendelea kutabiri nyutoni, au nitoe amri kati ya 0 na 1 tu na kuuachia mkono bandia kazi iliyobaki? Na ikiwa ni hivyo, mkono ufanye nini hasa na amri hiyo?

Kibano amejibu:

Toa amri kati ya 0 na 1, na nyutoni zipimwe na mkono. Nitaeleza kwa nini, kwa kuanzia na kikombe chako.

Kikombe chenye maji, jumla gramu 200, huvutwa chini kwa takribani nyutoni 2. Ukikibana kwa pande mbili na mgawo wa msuguano ukiwa 0.5, kila upande unahitaji nyutoni 2 ili kisiteleze, na pamoja na akiba tuseme 3. Modeli yako imefundishwa hadi nyutoni 300. Ikiwa kosa lake ni asilimia 2 tu ya kipimo kizima, jambo ambalo kwenye mchoro litaonekana safi kabisa, hizo ni nyutoni 6, yaani mara mbili ya nguvu yote ambayo kikombe kinahitaji. Hakuna mgongano wowote kati ya mchoro wako mzuri na kikombe kilichopondwa. Vyote viwili ni matokeo ya kipimo kilekile. Kazi nyingi za mkono hufanyika chini kabisa ya kipimo, na huko ndiko usahihi unakohitajika.

Kwa hiyo pindisha uhusiano. Chukua amri na uizidishe yenyewe kwa yenyewe kabla ya kuigeuza kuwa nguvu. Kwa mkono unaoweza kubana hadi nyutoni 100, amri ya 0.1 inatoa nyutoni 1, amri ya 0.2 inatoa 4, na amri ya 0.3 inatoa 9. Mtumiaji sasa anakaa kwenye asilimia 20 ya ukazaji wake wa starehe ili kushika kikombe. Mstari ulionyooka ungemtaka akae kwenye asilimia 4, mahali ambapo kelele ya elektrodi na ya saketi inakaribia kuimeza ishara. Kuna gharama: ule mtikisiko wa asilimia 9 aliouhesabu Ndugu Saketi_na_Neva unakuwa asilimia 18 baada ya kupindisha. Lakini asilimia 18 ya nyutoni 4 ni nyutoni 0.7, na kikombe kinavumilia hilo, mradi mkono wenyewe usiuzidishe.

Na mikono mingi huuzidisha. Giaboksi za mikono bandia kwa kawaida hutengenezwa zisirudi nyuma, ili mshiko ubaki bila kutumia umeme. Fikiria amri inayopanda na kushuka kidogo inavyofika kwenye mota ya namna hiyo, hasa ikiwa kidhibiti kinaongeza nguvu tu pale amri inapopanda: kila kilele kinakaza kidogo zaidi, na kila bonde halilegezi chochote. Baada ya sekunde chache mkono umekaa kwenye vilele vya mtikisiko, juu sana ya wastani ambao mtu alikusudia. Weka kihisi cha nguvu kwenye kidole gumba au kwenye mhimili wake, linganisha nguvu iliyopimwa na iliyoamriwa, na uache ukanda mdogo katikati ambao ndani yake mota haifanyi lolote. Vihisi vyembamba vya kubandika, vile ambavyo ukinzani wake hupungua vinapobonyezwa, ni rahisi kuvipata lakini vina ukaidi: kipimo cha kupanda hakilingani na cha kushuka. Geji za kupima mnyumbuko zilizobandikwa kwenye chuma chembamba hutoa kipimo kinachorudiwa vizuri zaidi. Usitegemee mkondo wa mota peke yake, kwa kuwa msuguano wa gia huuficha mzigo, na huuficha zaidi pale nguvu inapokuwa ndogo.

Kabla ya yote hayo, rekodi nguvu kwenye kidole wakati kikombe kinapondwa na uangalie ni lini hasa kinapondwa. Kikipondwa papo hapo vidole vinapogusa, kosa ni la kasi: mota na gia zinazozunguka hubeba nishati, na nishati hiyo huishia kwenye kikombe kabla makadirio yoyote hayajapata nafasi ya kufanya kazi. Hapo amri inapaswa kumaanisha kasi mpaka vidole viguse, kisha imaanishe nguvu, na amri ndogo ifunge polepole. Kikipondwa taratibu baada ya kushikwa vizuri, basi ni kule kupanda kwa vilele.

Mwisho, usimtake mtu akaze misuli muda wote anaoshikilia kitu. Mkono ushike kiwango alichokifikia, umruhusu alegeze, na ufunguke tu pale misuli ya kunyoosha vidole inapovuka kizingiti chake kwa muda mfupi uliowekwa. Hilo linaondoa pia sehemu kubwa ya tatizo la uchovu alilolitaja FundiViungo.

Saketi_na_Neva amejibu:

Ninakubaliana na Ndugu Kibano isipokuwa katika jambo moja: usiitupe dinamomita. Kwa mshiriki mwenye mikono kamili ndicho kipimo pekee cha uhalisia ulicho nacho, na bila hicho hutajua kama kichujio kipya kimepunguza mtikisiko kweli au kimeulainisha tu kwa kuchelewesha. Itumie kulinganisha njia za uchakataji, kwa mkao usiobadilika, huku ukirekodi mtikisiko na ucheleweshaji kwa pamoja. Lippold alionyesha tangu mwaka 1952 kwamba katika hali hiyo ya misuli isiyobadili urefu uhusiano wa ishara iliyojumlishwa na nguvu unaweza kuwa karibu mstari mnyoofu, ingawa misuli mingine haifuati hivyo. Mkono ukianza kuzunguka na kiwiko kikikunjwa, dhana hiyo haikulindi tena.

Kwa hukumu ya mwisho, mpe mtumiaji vitu vya kuhamisha, baadhi vikiwa vimetengenezwa kuachia vikibanwa kupita nguvu uliyoipanga, kwa mfano vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa sumaku. Hesabu vilivyohamishwa na vilivyoachia katika muda mmoja, mkono ukiwa mezani, kisha ukiwa umening'inia, kisha ukiwa juu ya bega. Kichujio kikishinda kwenye dinamomita na kushindwa hapo, chagua kile kinachoshinda hapo.